Shaka Moja, Maneno Mawili ya Kizungu

Vijana wangu, kama mnatafuta kazi ya kupendwa, msiwe wakalimani wa mahakama. Mimi niliifanya mpaka nikastaafu, na sikumbuki siku ambayo watu wote ndani ya chumba waliniamini kwa pamoja. Mshtakiwa anakutazama akijiuliza kama unasema alichosema yeye. Mlalamishi anajiuliza umetumwa na nani. Wakili anakusikiliza kama mtu anayesikiliza injini ya gari analotaka kununua, akingoja mlio mbaya. Na hakimu, ambaye mara nyingi anajua Kiswahili vizuri tu, anakuangalia juu ya miwani kuona kama utathubutu kupotosha.

Nami niliwashuku wote. Msinielewe vibaya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mkalimani asiyeshuku ni kasuku.

Nimeanza kuandika haya kwa sababu ya Lavender, binti wa jirani yangu hapa Nyamasaria, ambaye ameanza kujifunza kazi hii. Juzi alikuja na simu yake mkononi. Alikuwa ameandika doubt, simu ikamwambia "shaka". Akaandika suspicion, simu ikamwambia "shaka". Akanionyesha huku anacheka.

"Mama, si hizi mbili ni kitu moja tu? Kwa nini wazungu walijisumbua?"

"Vuta kiti," nikamwambia. "Kuna mtu karibu afungwe kwa sababu ya hicho kitu kimoja chako."

Kwanza nilimweleza maneno yenyewe, na ninyi pia nitawaeleza, mvumilie kidogo. Ukisema I doubt that he took it, maana yako ni kwamba hudhani alichukua. Ukisema I suspect that he took it, maana yako ni kwamba unadhani alichukua, ila huna ushahidi. Maneno yanayofuata ni yale yale, herufi kwa herufi. Umebadilisha neno moja tu, na mtu ametoka jela au ameingia.

Halafu tazama yanavyotembea. Doubt hupenda kufuatwa na whether au if, yaani "kama" yetu, kwa sababu lenyewe halina uhakika. Suspect haliwataki hao wawili kabisa. Suspect hushika mtu na kudai kosa: I suspect him of stealing. Lazima ile of ije, na baada yake lazima lije jambo. Doubt likishika mtu, I doubt him, halisemi amefanya kosa. Linasema huamini anachokueleza. Na suspect likiwa jina la mtu, mkazo unahamia mwanzoni, na hapo mtu ameshakuwa mshukiwa, ana pingu. Doubt halijawahi kuwa mtu. Sisi wa huku ziwani tunayatamka yote kwa wimbo wetu mmoja, basi hakimu mgeni anabaki kubahatisha.

Sasa rudi kwa Kiswahili chetu. "Niko na shaka na huyo mtu." Basi, umemaliza. Shaka ya nini? Haijasemwa, na hakuna anayeona kuna kitu kimepungua. Shaka yetu inaweza kukaa hewani mwaka mzima bila kutua juu ya kosa lolote.

Aliyenifungua macho juu ya hili ni Mzee Barnaba, mkalimani mkongwe aliyenipokea nilipoanza kazi. Alikuwa mtu mfupi, anabeba leso mbili, moja ya jasho na moja ya miwani, na hakuruhusu zichanganyike. Alikuwa akiniambia, "Neno linalokimbilia ulimi, lizuie mlangoni. Liulize linatoka wapi." Mimi nilidhani ni maringo ya wazee, mpaka siku nilipokaa nyuma ya chumba kumtazama mwenzangu mmoja akifanya kazi kwenye kesi ya mke na mume. Mke alisema kwa uchungu, "Nashuku bwana yangu ana mwanamke mwingine." Mwenzangu akatafsiri mbio mbio: I doubt that my husband has another woman. Hakimu, mtu mpole sana, akamgeukia yule mama na kumsifu kwa jinsi anavyomwamini mumewe. Mume akatikisa kichwa kukubali, ameridhika. Mke aliposikia sifa hizo kwa Kiswahili alivua kiatu. Mzee Barnaba alitoa leso ya miwani, akafuta miwani isiyokuwa na uchafu, mabega yakimtetemeka.

Tulicheka sana. Lakini kesi ya Usenge haikuchekesha, au ilichekesha mahali pabaya.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Nilikuwa nimepelekwa mahakama moja ndogo ya upande ule wa ziwa, sitaitaja. Mlalamishi alikuwa Mama Nekesa, mjane wa Kisamia aliyeishi Usenge na kufanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa na boti moja na injini moja, na watu wa nyumba yake wote walikula kutokana na hiyo injini. Asubuhi moja alikuta boti liko, injini haiko.

Mshtakiwa alikuwa Ouma, kijana fundi wa injini pale pale bichi, ufuoni boti zinapofungwa. Ndiye aliyekuwa ameitengeneza injini hiyo wiki iliyotangulia. Alijua jinsi ya kuifungua, alikuwa na spana, na mlinzi mmoja alidai kuona mtu wa umbo lake kwenye ukungu wa alfajiri. Usenge nzima ilikuwa imeshamaliza kesi kabla polisi hawajafika. Ouma hakuwa na wakili, na tangu akamatwe alikuwa rumande. Alikuwa amekonda hivi kwamba kila alipoitwa asimame alishika suruali kwa mkono mmoja.

Mama Nekesa alipanda kizimbani siku ya kwanza na kitambaa cheusi kichwani. Dholuo, lugha ya Wajaluo wa pale, alikisikia, ila hakukiamini mdomoni mwake, kwa hivyo alitoa ushahidi kwa Kiswahili. Kiongozi wa mashtaka, msichana makini asiyepoteza maneno, alimuuliza injini ilipopotea alifikiri nani amechukua.

"Watu walisema ni Ouma," akajibu. "Lakini mimi niko na shaka kama ni yeye alichukua."

Nililizuia neno mlangoni, nikaliuliza. Kulikuwa na "kama" nyuma yake. Nikasema: But I doubt whether he is the one who took it.

Kiongozi wa mashtaka akaacha kupekua karatasi. Taarifa ya polisi aliyokuwa nayo mbele yake ilisema kwa Kiingereza kwamba mama huyo huyo anamshuku Ouma. Suspect, wazi kabisa.

"Mheshimiwa," akasema, "kuna kitu kimegeuka hapa. Ama ni shahidi, ama ni tafsiri."

Chumba kizima kilinigeukia. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Mkalimani, shahidi ametumia neno gani?"

"Shaka, mheshimiwa."

"Na shaka ni doubt, au ni suspicion?"

"Ni zote mbili, mheshimiwa. Hapa amesema 'shaka kama', ndiyo maana nimesema doubt. Kule polisi sikuwepo. Sijui huko alisema shaka gani."

Nyuma kwenye mabenchi nikasikia sauti ya mwanamume: "Huyo ameshalishwa." Mimi ni Mjaluo, Ouma ni Mjaluo, Mama Nekesa ni Msamia. Watu hawakuhitaji kufikiri zaidi ya hapo. Na kilichoniuma zaidi ni Mama Nekesa mwenyewe. Alinitazama kwa jicho lililouliza, umenisemea nini wewe?

Hakimu alitoa mapumziko. Kwenye ukumbi karani mkuu alinifuata, akainama karibu na sikio langu.

"Dada, mwambie hakimu ulikosea kidogo. Sema suspect, kesi iende. Unajitafutia shida ya nini?"

"Sikukosea."

"Sijasema ulikosea. Nimesema mwambie ulikosea."

Mpaka leo sijui kama mtu huyo alinihurumia au alikuwa ameongea na mtu. Nilimwangalia akirudi ofisini na kikombe chake cha chai, nikajiambia huyu atazamwe. Yeye pia, nina hakika, alifika mezani kwake akajiambia hivyo hivyo juu yangu. Kuanzia siku ile, faili zilizokuwa zinapita mezani kwangu zikaanza kupitia kwa mtu mwingine. Hakuna aliyeniambia kitu. Walikuwa wananisalimu vizuri kuliko zamani, na hiyo ndiyo dalili.

Shauri lilipoendelea, koplo aliyeandika taarifa aliitwa. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu mwongo. Nilitazama viatu vyake, saa yake, nikitafuta kitu ambacho mshahara wa koplo haununui. Akaulizwa mama alitamka nini hasa.

"Nilimuuliza, na Ouma je? Akasema, 'Huyo kijana niko na shaka na yeye.' Mimi nikaandika suspect." Kisha akamgeukia hakimu kama mwanafunzi. "Mheshimiwa, ningeandika nini?"

Sikuona uwongo usoni mwake. Niliona mtu aliyesema ukweli na anaogopa hautatosha. Hata mimi, kama ningekuwa kwenye kile kiti cha polisi, mtu ameibiwa na anataja jina, ningeandika vile vile.

Mama Nekesa akarudishwa kizimbani. Na hapa nataka mumkumbuke yule kiongozi wa mashtaka, kwa sababu angeweza kumwita mama mwongo na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliuliza swali ambalo Kiingereza kinalilazimisha na Kiswahili hakilazimishi.

"Mama, ulimwambia askari una shaka na Ouma. Shaka ya nini?"

Mama Nekesa akatazama mabenchi ya nyuma, alipokaa binti yake, Nekesa mwenyewe, msichana mrefu aliyekuwa anakuja kila siku ya kesi.

"Lazima niseme hapa? Mbele ya watu?"

"Lazima, mama."

"Huyo kijana," akasema, na sasa sauti ilikuwa imepata hasira yake halisi, "kila jioni anakuja kwangu. Namuuliza unataka nini, anasema anakuja kusikiliza kama injini imepona. Injini iko bichi! Yeye anasikiliza nini kwa jikoni yangu, mahali msichana yangu anapika?"

Mabenchi yakalipuka. Nekesa alijifunika uso kwa leso. Ouma aliinamisha kichwa, na mimi niliyekuwa karibu naye niliona masikio yake yakisogea, maana alikuwa anajizuia kutabasamu, na mtu aliye kizimbani hapaswi kutabasamu.

Nilitafsiri bila kucheka, jambo ambalo nalihesabu kati ya kazi ngumu nilizowahi kufanya: I suspected him of coming to see my daughter. Ile of ilikuwa imepata mahali pa kukaa, na hapakuwa kwenye injini.

"Na injini?" akauliza kiongozi wa mashtaka.

"Hiyo ndiyo niko na shaka kama ni yeye. Mtu anataka msichana yako, ataiba chakula yenu?"

Kilichobaki kilikuwa mlinzi na ukungu wake. Siku ya hukumu mahakama ilijaa. Nusu ya bichi ilikuwa imekuja. Hakimu alisoma kwa Kiingereza, nami nikafuata nyuma yake sentensi kwa sentensi. Akafika pale anaposema kuna doubt katika kesi hii na kwamba doubt hiyo lazima imfae mshtakiwa. Kwa lugha ya sheria nina neno moja tu la kulibeba hilo, na nililitumia, kwa sababu ndilo neno lake: shaka.

"Hakimu anasema kuna shaka katika kesi hii."

Kabla sijameza mate, mtu akasema kwa nguvu, "Mmesikia? Hata hakimu ana shaka na yeye!"

Nikamtazama Ouma. Naye alikuwa amesikia hivyo hivyo. Mikono yake miwili ilishika ubao wa kizimba, suruali ameisahau. Alidhani amefungwa.

Niliinua mkono. Mkalimani hainui mkono katikati ya hukumu, Mzee Barnaba angezimia. Nikaomba ruhusa ya kufafanua neno. Hakimu alinitazama juu ya miwani kwa muda mrefu, nikajua naye anajiuliza huyu ana haja gani na kijana huyu. Kisha akasema, "Fafanua."

"Hakimu hamshuku Ouma," nikasema kwa Kiswahili, tena nikarudia kwa Dholuo. "Hakimu anasema hajaonyeshwa kwamba Ouma ndiye aliyechukua. Shaka yake iko kwa mashtaka, haiko kwa mtu. Ouma yuko huru. Aende nyumbani."

Ndivyo ilivyokuwa ndani ya chumba. Lakini neno la kwanza lilikuwa limeshatoka mlangoni na watu waliokuwa wamesimama nje kwenye veranda, na hao ndio walifika Usenge mapema. "Ameachiliwa kwa shaka," wakasema. Kila aliyesikia akaweka ndani yake shaka aliyokuwa nayo mwenyewe.

Siku chache baadaye mjomba wa Ouma alikuja kwangu na mbuta mkubwa ndani ya gunia, mkia unachungulia nje. Nilimkuta getini.

"Mjomba, asante, lakini rudi naye."

"Ni samaki tu, mama. Kesi imeisha."

"Najua imeisha. Rudi naye."

Uso wake ukabadilika. "Kwa hivyo hata wewe unatushuku? Unafikiri nimekuja kukununua baada ya kesi?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Nami nilikuwa na haki ya kukataa. Majirani walimwona samaki akija, na hakuna aliyekaa kumwona akirudi. Ndiyo maana nawaambia, ninyi mtakaofanya kazi hii, msipokee hata soda, na mjue kwamba kutopokea hakutawasaidia sana.

Injini haikupatikana. Nekesa alipelekwa kwa shangazi yake Busia, na baadaye aliolewa huko huko.

Mwaka huu nilikwenda Dunga, bichi ya huku kwetu, kununua samaki aina ya ngege. Napenda kuchagua mwenyewe, nikimwangalia jicho na kumbonyeza ubavu, kwa sababu siwaamini wanaoniletea mlangoni. Nilikuwa napita kwenye kibanda cha mabati ambapo mtu alikuwa amefungua injini ya boti juu ya benchi, aliponiita.

"Mama wa mahakama!"

Sikumtambua mara moja. Alikuwa amenenepa, ana ndevu, mikono myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Kisha akatabasamu na masikio yakasogea.

"Ouma! Ulihamia huku?"

"Usenge nilikaa miezi kidogo. Hakuna mtu aliniletea hata plagi nisafishe. Wananisalimu, 'Fundi, habari,' halafu anapita na injini yake begani mpaka Bondo." Alikuwa anafuta nati moja kwa kitambaa, akaiweka kwenye kopo, akachukua nyingine. "Huku hawakuwa wananijua. Lakini habari inatembea. Mwingine akija na mkoba, namwona anauvuta karibu."

Nikainama, nikamwokotea nati moja iliyokuwa imeanguka chini ya benchi.

"Mama, naomba nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza."

"Wewe ulisimama karibu yangu siku zote hizo. Wewe mwenyewe, moyoni, uliona aje? Mimi niliiba?"

Vijana wangu, katika kazi yetu hakuna anayekuuliza hilo. Mkalimani hana maoni. Nilisema "mimi" maelfu ya mara mle mahakamani na haikuwa mimi hata mara moja. Alikuwa mama aliyeibiwa, koplo, mlinzi, mwizi. Ningeweza kumwambia nilijua tangu mwanzo kwamba hana kosa. Ndilo alilotaka. Nililiona likija mbio kwenye ulimi, nikalizuia.

"Nilikushuku," nikasema. "Siku ya kwanza nilikushuku kabisa. Ulikuwa na spana na ulijua kuifungua. Mama alipozungumza nikapunguza. Lakini shaka haikuisha kabisa."

"Na leo?"

"Leo nadhani hukuiba. Lakini sijui, Ouma. Siwezi kusema najua."

Aliacha kufuta. Nilifikiri atanifukuza, na ningeondoka bila kinyongo. Akaitazama nati mkononi mwake, akaipulizia.

"Wewe ni wa kwanza kuniambia kwa uso," akasema. "Hata mama yangu hajawahi. Yeye huniambia 'Mungu anajua,' halafu anaangalia kando."

Akanivutia kopo la rangi lililogeuzwa juu chini, nikakaa. Tuliongea kuhusu petroli, kuhusu magugu yanayoziba ufuo, na bei ya vipuri. Hatukuongea tena kuhusu Usenge. Niliposimama kwenda kwa wauza samaki, kabla upepo haujabadilika na ngege wazuri kuisha, nilivua mkoba wangu begani na kuuweka juu ya benchi lake, kando ya injini.

"Niangalizie. Nakuja."

Aliutazama ule mkoba, akanitazama mimi.

Nilitembea mpaka kwenye mizani na simu yangu mkononi. Na sitawadanganya, kwa sababu nimewaambia mkalimani asiyeshuku ni kasuku: nilipofika pale niligeuka nyuma. Mkoba ulikuwa pale pale. Nikachagua samaki mmoja, nikageuka tena. Ouma alikuwa ameinua kichwa ananitazama nikimtazama. Akaunyanyua ule mkoba kwa kidole kimoja kisafi, juu kabisa ili niuone vizuri, huku anacheka kwa sauti mpaka wenye boti wakageuka, nami nikacheka pale mizani nimemshika ngege mkiani.